Mto Uliopanda Bila Mvua

Siku ya mkutano wa wasoma mito kule Mbarara nilivaa kitenge changu cha Bikira Maria, kile ninachokitunza kwa Pasaka na kwa mazishi. Sikukivaa kwa heshima ya ofisi ya maji. Nilikivaa kwa sababu nilikuwa na ushuhuda.

Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki, kila mtu ametoka kwenye daraja lake au kivuko chake, wengi wao watu wa mto Rwizi. Kazi yetu ni moja. Ndani ya maji, karibu na ukingo, pamesimikwa ubao mweupe wenye namba nyeusi, mfano wa rula ya mtoto wa shule. Asubuhi na jioni unakwenda, unatazama maji yamegusa namba gani, unaituma ofisini kwa simu. Wao wana jina lao la kitaalamu. Kwetu Nakivale, kambini kwa wakimbizi, tunauita rula, na tangu mume wangu Jean-de-Dieu alipofariki, msomaji wake ni mimi. Walinichagua kwa kuwa nilifika darasa la sita na namba nazijua, na kwa kuwa, walisema, Mama Kwizera hasemi uongo.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kila aliyesimama alisema neno lile lile: maji yanashuka, maji yanashuka. Ikafika zamu yangu. Nikafanya ishara ya msalaba.

"Kwetu mto umepanda," nikasema. "Haikunyesha hata tone, lakini umepanda. Tulifanya novena kwa Mama Maria, naye ametusikia. Tumsifu Yesu Kristo."

Wachache wakaitikia, "Milele na milele." Mwanamume mmoja wa mbele akacheka kwa pua. Lakini dada mpimaji, Mbabazi, ambaye ndiye anayepokea namba zetu, hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Nyabo, mama, imepanda sana?"

"Umepita mstari mwekundu, umeuacha chini kabisa."

"Na hapo karibu na rula, kitu gani imebadilika? Mti imeanguka ndani? Ng'ombe ya watu nalala kwa maji?"

"Hakuna kitu, dada. Ni sala tu."

"Sawa. Basi mimi nakuja, naona na macho yangu."

Nilifurahi! Mimi nilichosikia ni kwamba serikali inakuja kuona muujiza. Njiani kurudi, tulipofika Kaberebere, nilikuwa nimekwisha kupanga ni wimbo gani kwaya itampokea nao.

Nieleze kidogo jinsi tunavyoishi na mto huu. Si mkubwa, ukiuweka karibu na Rwizi utauita mtoto. Unashuka kutoka vilimani, unatupita sisi Warundi wa juu, unawafikia Wakongo wa chini, halafu unakwenda kupotea kwenye mafunjo ya ziwa. Sisi wa juu tuna pampu, na pampu zinamwagilia vitunguu vyetu. Wa chini wanachota kwa ndoo. Ili watu wasije wakapigana kwa majembe, tulikubaliana kikaoni kwamba kwenye rula upigwe mstari mwekundu. Maji yakiwa juu ya mstari, pampu zingurume kila siku. Yakishuka chini yake, pampu zilale siku moja zifanye kazi siku moja, ili na wa chini wapate. Kwa hiyo namba yangu ya asubuhi haikuwa ya Mbarara peke yake. Watu wa juu na wa chini waliisubiri, na pampu ziliisubiri.

Kiangazi kile maji yalikuwa yamekaribia mstari, yamebaki vidole viwili tu. Katekista wetu Libère akatangaza novena ya kuomba mvua. Na kwa kuwa sala bila kitubio ni ugali bila mboga, akasema kila mtu abebe jiwe kichwani kutoka kilimani hadi mtoni, siku zote za novena, na mawe yawekwe kwenye kivuko, chini kidogo ya rula. Siku ya mwisho tungevusha sanamu ya Mama Maria upande wa pili, na wanaoibeba wasiloweshe miguu.

Mrundi ukimwambia abebe jiwe kwa ajili ya dhambi zake, atachagua kubwa. Mawe yakawa mengi, yakawa yanabingirika. Bibi Ancilla, mwenye magoti mabovu, nusura aanguke nalo. Hapo mimi nikasema, tuyashindilie udongo wa mfinyanzi na majani ya mafunjo, kama tulivyokuwa tukifanya bondeni kwetu. Nikaingia mwenyewe majini, nikakandika kila tundu kwa viganja vyangu. Wakasema Mama Kwizera ana mikono. Kivuko kikawa kizuri kama ngazi ya kanisa.

Mvua haikuja. Lakini kabla novena haijaisha nilifika rulani asubuhi nikakuta maji yamepanda. Nikadhani ni macho. Jioni yalikuwa yamepanda tena. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, nikalia kwa shukrani. Kivuko kilikuwa mkono wangu wa kushoto, ni kugeuza shingo tu. Mimi ninayesifiwa kwa kutazama, sikugeuza.

Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani, watu wakapiga vigelegele, pampu zikaendelea kunguruma. Vitunguu vyangu vikanenepa.

Wiki iliyofuata, Perpétue akanikuta Misiera, dukani, nikinunua chumvi. Huyu ni Mkongo wa upande wa chini, mjane kama mimi, anayelima nyanya. Mkononi alikuwa na mche umenyauka, ameung'oa na mizizi yake.

"Mama Kwizera," akasema, "ile mayi unasema iko mingi, iko fasi gani? Kwetu kule chini hata bata anatembea na miguu."

"Perpétue, rula haidanganyi," nikamjibu. "Maji yamepanda."

"Yamepanda yakaenda wapi? Juu mbinguni?"

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa chake. Sikukipenda. Yeye anasali kwenye kanisa lile la hema, la ngoma na kelele. Nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Labda nyinyi huko mnapiga makofi mno, hamkupata nafasi ya kupiga magoti. Funga kidogo, mama. Mungu hana ubaguzi."

Kicheko kikahamia kwangu, tena kikubwa zaidi. Muuza duka alipiga meza. Perpétue aliutazama ule mche, akautazama kama mtu anayetafuta pa kuuweka, akaondoka nao. Nikachukua chumvi yangu. Nakumbuka niliona nimeitetea dini.

*

Mbabazi alikuja kama alivyosema kule Mbarara, katikati ya wiki, na dereva na vyombo vyake. Kwaya ilikuwa imekwisha kujipanga ukingoni, ngoma mbili, Libère na shati jeupe. Aliposhuka garini wakaanza, "Karibu, karibu mgeni wetu," naye akatabasamu, akawapungia, akavaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Watoto wakashangilia ile suruali kuliko walivyomshangilia yeye.

Alifunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaingia, ameshika fimbo ya chuma, na mwisho wa fimbo kijipanga kidogo kama cha feni. Akanieleza: maji yakitembea, kile kijipanga kinazunguka, na kwa kuzunguka kwake anajua maji kiasi gani yanapita. Akakizamisha karibu na rula.

Hakikuzunguka.

Akakitoa, akakipulizia kwa mdomo, kikazunguka vizuri. Akakirudisha. Kikasimama. Akasogea katikati, kikasimama. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa tatu.

"Mama Kwizera," akaita taratibu, "kuja."

Nikavua kandambili nikaenda kando yake. Yeye alikuwa anatazama kushoto, kwenye kivuko. Akatembea hadi pale, nami nyuma yake, akapanda juu ya mawe yetu, akatazama upande wa pili. Na mimi nikatazama.

Upande wa juu maji yamejaa, yametulia, yanang'aa kama sahani. Upande wa chini mchanga mkavu. Kitwitwi mmoja alikuwa anatembea juu yake.

"Hii mawe nani aliweka?"

Libère alikuwa ametufikia. "Sisi sote, dada," akajibu kwa fahari. "Ni mawe ya kitubio. Hata mimi nina langu hapo."

"Na udongo?"

Libère akanigeukia mimi, kwa kuwa sifa ya udongo ilikuwa yangu.

"Ni mimi," nikasema.

Mbabazi hakuhitaji kunifundisha. Mimi ni mtoto wa bondeni. Baba yangu alikuwa na shamba la mpunga, na kiangazi alikuwa akinituma kuziba mfereji kwa udongo, maji yapande yaingie kwetu, na jirani wa chini alikuwa akija na jembe begani akipiga kelele, na baba akijifanya hajui. Nimeziba mifereji kabla sijajua Baba Yetu. Na niliziba mto mzima kwa viganja vyangu, nikasimama mbele ya altare nikasema ni Mungu.

Mbabazi alipanda juu, mbali na bwawa letu, mahali mto ulipo mwembamba, akapima huko. Kijipanga kikazunguka kwa uvivu. Akaandika, akatikisa kichwa.

"Mto nashuka kila siku, nyabo," akaniambia chini kwa chini, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. "Rula nasema maji imefika wapi. Haisemi maji ngapi natembea. Hii imesimama tu, na ile inaingia, pampu nakunywa yote. Ya kwenda chini hakuna."

"Sasa utafanyaje?"

"Mimi nitaandika ile nimeona. Si kosa ya kufunga mtu jela, pole bambi. Lakini watu ni yako. Waambie wewe."

Tukarudi. Kwaya wakanyamaza wote kwa pamoja, wakitusubiri. Bibi Ancilla alikuwa mbele na rozari mkononi. Libère akauliza, "Haya, Mama Kwizera, mgeni amesemaje? Tupige vigelegele?"

Mdomo wangu ukafunguka. Nilikuwa na neno. Lakini nikaziona zile nyuso, nikaona jinsi zitakavyobadilika, na hasa jinsi zitakavyonitazama mimi.

"Amesema atatuma majibu," nikasema.

Wakaimba tena. Mbabazi alikuwa anakunja kamba yake. Akaniangalia mara moja tu, akaendelea kukunja.

*

Mchana ule ule nilishuka kwa Perpétue. Nilifuata njia ya mto, ila ya kukanyaga ndani yake, kwa maana haukuwa na maji ya kunizuia. Nilitaka nimwambie yeye kwanza. Nilijidanganya kwamba huo ndio ujasiri.

Nilimkuta ndani ya mto, amechimba shimo kwenye mchanga, amepiga magoti, anachota kwa kikombe, anamimina kwenye beseni. Kikombe kimoja, halafu anangoja shimo lijae tena. Shamba lake lilikuwa ukingoni, juu ya vichwa vyetu. Nyanya zilikuwa zimesimama kwa sababu ya vijiti tu.

Akaniona. "Eh! Umekuja kuangalia kama napiga magoti? Angalia. Napiga."

Nikachuchumaa. Nikamwambia yote, bila kupunguza: mawe, udongo, mikono yangu, pampu, kijipanga kisichozunguka. Nikasema nimekosa, nakuomba msamaha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kifupi.

"Kumbe ile mulikuwa mukiomba, mulikuwa mukituombea siye tukauke."

"Hatukujua, Perpétue."

"Weye unajua miye nilifanya nini ile siku nilitoka Misiera?" Aliweka kikombe. "Nilikuja hapa nikafunga. Nilisema pengine ni kweli, pengine Mungu amenikatala. Na batoto nikabafungisha. Eliane wangu ule mudogo, alianguka pale, kwa mustari wa tatu. Nilimumwangia mayi ya hii shimo usoni. Mayi ya tomati."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nikatazama mikono yangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi.

"Nisamehe," nikasema tena.

"Usinisemeye hapa," akasema. "Hapa hakuna mutu. Wakati ulinicheka, batu balikuwako. Balijaa. Enda useme fasi batu biko."

Akachukua kikombe chake. Shimo lilikuwa limejaa.

*

Jumamosi jioni Libère na Concilie walikuja nyumbani. Nilikuwa nimemwambia Libère, kwa kuwa ndiye katekista, naye akamwambia Concilie, jirani yangu wa shamba, mwanamke ninayempenda kama dada, anayeniita Vestine, jina langu la ubatizo. Walikaa kwenye mkeka, hawakutaka chai.

"Mimi sikatai," Libère akasema. "Tutayatoa mawe polepole, tutatafuta siku. Lakini kanisani hapana. Watu walibeba mawe na machozi. Ukiwaambia ilikuwa ni bwawa, kesho nani atasali?"

"Waliniamini mimi niliposema ni muujiza."

"Na huenda ni muujiza! Mungu hawezi kutumia mawe?"

"Libère, Mungu hakuongeza hata kikombe. Tulichukua vya wenzetu."

Concilie akapiga ulimi. "Wenzetu! Na vitunguu? Bado kidogo tu vikomae, Vestine. Vyako na vyangu. Ngoja tuvune, halafu useme unachotaka, hata ulie juu ya paa. Wakongo wamezoea shida, hawatakufa kwa nyanya."

"Mtoto alianguka kwa njaa, Concilie."

"Ulimwambia wewe afunge?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alipoondoka hakuniaga kwa jina langu.

Kesho yake, wakati wa matangazo, nikasimama. Libère alijifanya hajaniona. Nikabaki nimesimama mpaka watu wakaanza kugeuka, ikabidi aseme, "Haya, Mama Kwizera."

Sikusema vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoroka. Nilisema kwamba mto haukupanda. Nikasema mimi niliuziba kwa udongo, na mawe yetu yakaushika, na watu wa chini wanachota mchangani kwa kikombe. Nikasema pale Misiera nilimcheka Perpétue mbele ya watu, nikamwambia afunge, akafunga yeye na watoto. Nikasema ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo, ingawa sikujua, na ilinipasa nijue. Mara mgeni alipotuonyesha nikajua, na hapo nikasema uongo wa kujua.

Nyuma mtu akacheka, na mwingine akasema, "Aketi huyo." Mwanamume mmoja mwenye pampu akatoka nje, benchi likalia.

Kilichonivunja ni Bibi Ancilla. Alikuwa mstari wa mbele, akauliza kwa sauti ya kitoto, mbele ya wote, "Basi jiwe langu lilikuwa la nini, mwanangu?"

Nilisema, "Bibi, Mungu alikuona ukilibeba." Nikasikia maneno yangu yalivyo mepesi. Yule mama alilibeba kwa magoti yale kila siku, na mimi ndiye niliyelifanya liwe kosa.

Libère akaanzisha wimbo wa kufunga, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Kutoka kanisani nilikwenda moja kwa moja mtoni, nikaingia. Nilianza na udongo, kwa kuwa ndio wangu. Ulikuwa umeshika vizuri. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, ndivyo ilivyokuwa. Ilinibidi nichimbe kwa kucha. Baada ya muda nikasikia watu. Wachache wa Lejio, chama chetu cha Mama Maria, walikuja, Bibi Ancilla akaketi ukingoni kwa kuwa hawezi kushuka, akawa anatuonyesha kwa kidole tuanze na lipi. Kutoka chini walikuja Wakongo na majembe. Habari ilikuwa imewafikia, sijui kwa miguu ya nani. Perpétue alisimama kwenye mchanga mkavu, ng'ambo ya mawe, miguu mitupu.

"Polepole," akaniambia. Halikuwa neno la upole wala la hasira, ni neno la mtu wa shamba. "Ukifungua yote mara moja itabeba miche ya batu."

Tukafungua polepole. Maji yalitoka kwanza kwenye tundu dogo, machafu, yakiwa na povu, yakagusa miguu yake. Aliyatazama. Kisha akageuka akatembea nayo, yeye ukingoni na yale katikati ya mchanga, anapunguza mwendo yakipunguza, mpaka yakapinda na yeye akapinda. Hakugeuka nyuma.

Jioni niliposhuka rulani, Concilie alikuwa amenisubiri pale. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka nje ya maji, mkavu, na chini yake namba ambazo sikuwa nimeziona tangu rula isimikwe.

"Leo Jumapili," akasema. "Ni dhambi kufanya kazi. Soma kesho jioni. Tumwagilie mara moja tu, Vestine. Mara moja."

"Jumapili zote nimesoma, Concilie. Hukuwahi kuniambia ni dhambi."

Nikaisoma namba kwa sauti, ili aisikie, nikaituma. Usiku haukuingia kabla pampu hazijanyamaza. Concilie alitazama shamba lake, kisha langu, yameshikana, huwezi kujua mpaka. "Basi utakula maombi yako," akasema, akaenda.

Vitunguu vyetu vilitoka vidogo kama gololi. Nyanya za Perpétue zilipona mistari michache ya karibu na mto, nyingine maji yalizikuta zimekufa. Siwezi kusema nilitengeneza nilichoharibu.

Siku hizi njiani wananiita Mama Muujiza. Vijana wa pampu, wauza duka, hata wa kwaya. "Mama Muujiza, leo umepanda?" Nawajibu namba. Mwanzoni nilikuwa nikipita njia ya nyuma ya choo cha shule nisikutane nao. Nikaacha, kwa sababu namba ni yao.

Perpétue hanisalimu. Lakini asubuhi moja, nikiwa nimeinama rulani, niliona kivuli juu ya maji. Alikuwa Eliane, yule binti yake mdogo, amevaa sweta lililomzidi, amebeba kidumu.

"Mama anauliza mayi iko ngapi leo."

Nikamwambia. Hakuondoka. Alinitazama, kisha akatazama kivuko, kilichobaki wazi na maji yakipita, kisha akanitazama tena.

"Amesema nisikamate maneno yako. Niangalie miye mwenyewe."

Nikasogea kando. Akaweka kidumu, akashuka hadi majini, akainama mpaka pua karibu iguse ubao, akaisoma ile namba, kwanza kimyakimya, halafu kwa sauti, tarakimu moja moja. Ilikuwa ile ile. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na simu mkononi, na sikuthubutu kumshika mkono apande ukingoni. Alipanda peke yake, akachukua kidumu, akakimbia kumpelekea mama yake.

Nikaituma na mimi.